Jiliwa la Wifi

Wifi yangu aliingia karakana bila hodi, akanikuta nimekaa juu ya mlango wa kabati la watu, miguu inaning'inia, nachambua mchele, huku kaka yake anapiga randa kuelekea makalio yangu.

"Mke wa mtu unamkalisha kama gunia la saruji," akasema. Maneno hayo alimpa kaka yake, aliyekuwa ameduwaa na randa mkononi, ndevu zimejaa maranda.

Gunia nilikuwa kweli. Mume wangu ni seremala, na meza yake ya kazi aliirithi ikiwa haina kitu cha kushikia ubao. Ubao usioshikwa, ukiusukuma kwa randa, unakimbia. Basi tangu tulipooana mimi ndiye niliyekuwa naukalia. Akimaliza kipande nashuka, tunageuza, napanda tena. Wateja walishanizoea. Kuna mmoja alisifu jinsi rafu zake zilivyonyooka, na mimi ndiye niliyeitikia asante.

Wasichokijua ni yaliyokuwa yakiendelea pale juu. Nyumbani mume wangu alikuwa mtu wa maneno matatu: ndiyo, hapana na chumvi. Mpe randa, mdomo unafunguka. Labda ni kwa kuwa macho yake yako kwenye ubao, hayako kwangu. Pale ndipo aliponiambia alivyokuwa akimwogopa baba yake. Pale tulikubaliana majina ya watoto, na pale pale tuligombana. Akisema upuuzi nilikuwa nanyanyuka kidogo tu, ubao unateleza, randa inakwama, naye anajua keshaadhibiwa. Ndoa yetu yote tuliiishi juu ya mbao za watu.

Wiki iliyofuata wifi akaleta jiliwa. Chuma kizito hicho, mataya mawili na skrubu nene katikati. Ukizungusha mkono wake, ubao unabanwa hautikisiki.

"Pumzika sasa, wifi yangu," akaniambia.

Nia yake ilikuwa njema kabisa, ndiyo maana nilishindwa hata kumchukia.

Mume wangu akaipindua meza miguu juu. Akachonga nafasi kwa patasi ili mataya yalingane na uso wa meza, randa isije ikagonga chuma. Akatoboa matundu kwa keekee, akapitisha bolti, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mataya akayavalisha vipande vya mbao laini yasichubue kazi. Mimi ndiye niliyekuwa namkabidhi zile bolti, na kila nilipotoa moja nilijiona kama ninayejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikahamia jikoni. Jioni aliingia, akala, akasema "chumvi", akalala. Wanawake wengine wanaona wivu kwa wanawake wenzao; mimi nilimwonea wivu chuma, tena chuma nilichosaidia kukifunga. Niliumia, sioni sababu ya kuficha.

Siku ya pili nikasikia mkwaruzo karakana, nikachungulia. Meza ilikuwa inatembea. Jiliwa lilikuwa limeukamata ubao barabara, kwa hiyo kila alipoisukuma randa viliondoka vyote, ubao, jiliwa na meza yenyewe. Walikuwa wameanzia ukutani na sasa wako karibu na mlango, mume wangu anapiga randa huku anatembea, kama anayemsindikiza mgeni. Miaka yote ile, si yeye si mimi, hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimeikalia na meza.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaanza kutumaini, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Wifi alipopata habari alishauri miguu ifungwe sakafuni.

"Sakafu mbovu," kaka yake akajibu.

Sakafu ile ingebeba lori. Lakini wifi si mtu wa kushindwa. Alisimamia mwenyewe, kichanja kikapigiliwa chini ya meza kati ya miguu, kikajazwa mawe mpaka pakakosekana pa kupitisha kidole. Meza ikatulia tuli. Nilirudi jikoni nikijua basi, hapo hawanihitaji tena.

Kesho yake, jua halijafika utosini, mume wangu akaja akasimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuwa na kawaida ya kuacha ubao katikati.

"Njoo ukae," akasema.

"Meza inatembea tena?"

"Haitembei."

"Mawe yameanguka?"

"Yapo." Akatoa kipande cha maranda ndevuni, akakitazama, akakitupa. "Tangu asubuhi nayasimulia habari za yule mteja wa kitanda. Hayajibu."

Nikaepua sufuria, nikamfuata. Nilipanda mezani, nikamwambia aanze upya, na asiruke kitu.