Vijiko Viwili vya Choroko

Mama mkwe wangu, Kamalakshi, hupima chapati ya maji kwa jua. Akishaiepua huiinua dirishani kwa vidole viwili, kama mtu anayekagua kitambaa dukani, na asipouona mnazi wa nje kupitia vile vitundu, hiyo ni ya ng'ombe. Ng'ombe wetu hajawahi kuonja chapati ya mama mkwe. Zangu amekula nyingi.

Binti yangu Dhriti, wa miaka miwili na miezi mitatu, hali kitu kingine. Wali anautema. Yai analificha shavuni mpaka nigeuke, kisha nalikuta chini ya mkeka. Lakini chapati ya maji ya bibi yake, iliyokunjwa mara mbili ikawa pembe, na nazi na sukari guru juu yake, ataila asubuhi, mchana na jioni, kisha atazunguka nayo uani mkononi kama mtu mwenye barua ya kupeleka.

Ningecheka tu, kama si ile kadi. Kila tarehe tano watoto wa kijiji hupimwa uzito, na Revathi, mhudumu wa kituo cha watoto, hutia nukta kwenye kadi zao. Nukta ikiangukia kijani, mama mtu anarudi nyumbani kwa njia ndefu ili aonekane. Ya Dhriti ilikuwa kwenye njano: kilo tisa na gramu mia nne.

"Bado kidogo tu avuke, Vinoda," Revathi aliniambia. "Anakula nini?"

"Chapati za maji."

"Na nini kingine?"

"Chapati za maji za jana."

Mimi nasoma darasa la lishe, Jumatatu na Alhamisi jioni, nikitumaini siku moja kukaa kwenye kiti kama cha Revathi. Mwalimu alikuwa ametuagiza kila mmoja achague chakula cha kwao na aandike kina nini ndani. Niliandika juu ya chapati ya maji: mchele uliolowekwa na kusagwa, nazi kidogo, chumvi, maji, na maji tena. Nguvu ya kumkimbiza mtoto imo. Protini ya kumjenga mwili ni haba. Nikamsomea mama mkwe akiwa anakuna nazi.

"Mume wako nimemlea kwa hizihizi," akasema. "Leo anainama mlangoni."

"Mama, wakati ule samaki walikuwa wanapikwa humu ndani."

Akakuna nazi kwa nguvu zaidi. Mwaka uliopita alikuwa ameweka nadhiri hekaluni kwamba hatapika samaki jikoni kwake mpaka mwanawe, anayepika kwenye mkahawa mmoja Mumbai, awe mpishi mkuu. Mpishi mkuu wa pale ana miaka arobaini na afya ya nyati.

Basi nikaamua mwenyewe. Alfajiri, kabla mama mkwe hajatoka kuoga, nilitia vijiko viwili vya unga wa choroko kwenye uji wa chapati, nikakoroga, nikanawa, nikakaa nikimchana Dhriti nywele kama mtu asiye na neno.

Chapati ya kwanza ikang'ang'ania kikaango. Ya pili ikatoka vipande. Ya tatu mama mkwe aliiinua dirishani, asiuone mnazi, asiione hata mbingu.

Kile kikaango ni cha chuma cheusi, alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na hakigusi kitu kingine isipokuwa chapati za maji. Kwetu hata mtoto anajua kwamba ukichoma chapati ya ngano humo, mara moja tu, za mchele zitagandia miezi. Bahati mbaya, jana yake kikaango kilikuwa kimeazimwa na jirani yetu Jalaja, shoga wa mama mkwe tangu shule.

Mama mkwe akaenda uani na upawa mkononi.

"Wee Jalaja, ulipika nini kwenye kikaango changu?"

"Chapati za maji. Ulitaka nipike nguo?"

"Za mchele?"

"Kamalakshi, unaniuliza nini?"

"Naona mkweo wa mjini alikuwepo. Hao wa mjini wanapenda ngano."

Jalaja akaja kwenye pengo la ua, tunapopitishiana vitu. Kisha akasema polepole, "Mimi? Ngano? Kwenye kikaango cha mama yako, aliyenifundisha kushika upawa?"

"Nimeuliza tu."

"Hujauliza. Umeshahukumu, sasa unatafuta shahidi."

Nikaendelea kumchana Dhriti nywele. Nilijiambia hasira zao ni za siku mbili. Siku ya tatu Jalaja akaziba lile pengo la ua kwa makuti, akayafunga kwa kamba mara tatu, akihesabu kwa sauti ili tusikie.

Na niseme yote: sikuacha choroko. Kila alfajiri vijiko viwili. Kila asubuhi mama mkwe akakisugua kikaango kwa kitunguu na mafuta, akikibembeleza kama mgonjwa. Nami moyoni nikawa namwona Dhriti akijengeka mifupa, nikasema haya mengine yatapita.

Tarehe tano nilimvalisha gauni jipya. Revathi akamtia kwenye mfuko wa mizani, mshale ukatetemeka, ukatulia. Kilo tisa na gramu mia mbili.

"Ameshuka," akasema Revathi, bila kunilaumu, na hilo ndilo lililouma. "Asipopanda mwezi ujao, Vinoda, nitamwandikia wodi ya lishe mjini. Wiki mbili. Si adhabu, lakini ni wodi."

Nilirudi kwa njia fupi. Usiku ule nilimpapasa mbavu akiwa amelala, nikazihesabu, nikaanza upya nikitumaini nimekosea.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nikamkosa ndani. Nikamkuta ameketi mbele ya yale makuti, amenyoosha mkono na chapati yake kavu. Hakulia. Alikuwa anangoja, kama watu wanavyongoja dirishani posta.

"Dhriti, unampa nani?"

"Bibi mchuzi," akasema.

Nikapiga magoti kwenye kamba za Jalaja. "Shangazi? Uko hapo?"

"Nipo kwangu," sauti ikajibu, karibu mno kwa mtu aliye kwake.

"Shangazi, huyu mtoto alikuwa anakuja huko?"

"Kila siku saa nne. Anapitisha chapati, naichovya kwenye mchuzi wa samaki, namtolea miiba, namwekea minofu katikati. Anakula mbili, siku nyingine tatu. Ulidhani anaishi kwa nazi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Na ile nadhiri? Mama mkwe wako angesema namvunjia kupitia mtoto. Sasa mimi ni mwizi wa vikaango, sitaki kuwa na mwizi wa nadhiri pia."

Niliketi chini. Mimi, mwenye daftari, nilikuwa nimemwongezea mtoto wangu choroko vijiko viwili, nikamfungia njia ya samaki wa kila siku. Na zile chapati zangu nene, hata zikipata mchuzi, zisingeunywa. Wembamba ule niliouandika daftarini kama upungufu ndio uliokuwa ukibeba mchuzi.

Mama mkwe alikuwa jikoni na kitunguu chake. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingemaliza.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Vijiko vingapi?"

"Viwili, mama."

"Kwa siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Akakitazama kitunguu. "Kumi na tisa nimekisugua chuma kisicho na ugonjwa," akasema. "Hata nilikiimbia." Nikangoja anifukuze. Badala yake akauliza, "Na mtoto wodini ni lini?"

"Asipopanda."

Akakoroga uji mpya, yeye mwenyewe, akifunika bakuli kila nilipopita karibu. Alipika kumi na mbili. Ya kwanza akaiinua dirishani, mnazi ukaonekana, na nyani juu yake. Akazipanga kwenye jani la mgomba, akaenda uani.

"Jalaja, kikaango kimepona."

"Kilikuwa kinaumwa nini?"

"Shule ya jioni."

Makuti yakatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka au anafungua kamba.

"Na ile nadhiri yako?"

"Niliapa kutopika kwangu," akasema mama mkwe. "Kuhusu kula kwako sikuulizwa."

Tarehe tano iliyofuata tulikwenda wanne. Mshale ulitetemeka, ukatulia: kilo tisa na gramu mia tisa. Revathi akatafuta mahali pa nukta kwa ncha ya kalamu. Iliangukia kijani, pembezoni kabisa, unene wa unywele, lakini kijani.

"Mmempa nini?" akauliza.

"Chapati," akasema mama mkwe.

"Samaki," akasema Jalaja wakati uleule.

Wakageukiana. Nikamtoa Dhriti kwenye mfuko, nikawaacha wabishane, nikashika njia ndefu.