Enterado, Enterrado

Baba alipokata roho, wa kwanza kutafutwa alikuwa Domo. Ndiye kifungua mimba, na ndiye aliyekuwa mbali: mwaka wa tatu sasa alikuwa ng'ambo, kwenye nchi ya Kihispania, akijenga nyumba za watu. Jina la Domo alilipata utotoni kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Akipiga simu nyumbani, mama aliiweka kando huku sauti ikisikika chumba kizima, akaosha vyombo vyote, na akimaliza alimkuta mwanawe bado anaendelea.

Ila wiki kadhaa zilikuwa zimepita simu yake haipatikani. Dada yake, mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, hakutia shaka. Domo alishawahi kuibiwa simu akapotea hivyohivyo. Akaamua kumtafuta fundi rangi aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, ambaye simu yake Domo aliwahi kuiazima kupigia nyumbani.

Fundi rangi alijua Kihispania tu, na dada mtu alikuwa akikisoma kila Jumamosi kwa mwalimu mmoja mstaafu, maana Domo alimwahidi kumvuta huko. Aliandika kwa kujikongoja: baba yetu amefariki, tafadhali mwambie kaka yangu.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, akiwa kazini, mvuke wa pasi ukimfunika uso. Mwanamume aliongea polepole, kwa sauti nzito: yeye tayari yuko... kisha neno moja, kisha lo siento mucho. Neno lile alilitambua papo hapo, akajisikia fahari. Enterado! Walifundishwa juzijuzi tu: mtu aliyekwisha kupata habari. Na lo siento ni pole. Akajibu haraka: asante, mwambie ampigie mama.

Fundi rangi hakuandika tena.

"Amejua?" mama aliuliza jioni ile.

"Amejua, mama. Ameshaarifiwa."

"Basi atapiga."

Siku ya mazishi mama aliiweka simu mapajani. Watu walimpa mkono wa pole, naye akawapokea kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa juu ya simu. Baba akazikwa, waombolezaji wakatawanyika, Domo kimya. Siku zikapita. Huzuni ya mama ikaanza kuchacha.

"Babake yuko chini ya udongo, yeye hata 'mama, pole' imemshinda?"

"Labda kazi zimembana," binti alijaribu kumtetea.

"Kazi gani inaziba mdomo ule?"

Shangazi alipokuja kuwajulia hali na kumuulizia Domo, mama alimkata kauli. "Usinitajie huyo. Kumzaa nilimzaa, sikatai, lakini moyo ule sikuuzaa mimi." Binti aliinamisha kichwa. Siku hizo naye alikuwa ameshaanza kumkasirikia kaka yake, na usingizini alimtukana.

Jumamosi moja mwalimu aliamua kuwafundisha maneno yanayofanana kama mapacha. Akaandika ubaoni pero, lakini. Na perro, mbwa. Akaandika caro, ghali. Na carro, gari. Darasa likawa vicheko, kila mtu akijaribu kuutetemesha ulimi kwenye r mbili, mwingine akirusha mate. Kisha akaandika enterado, na chini yake enterrado.

"La kwanza mnalijua, aliyepata habari. La pili ni aliyezikwa. Mkiteleza hapa, mtamzika mtu aliye hai!"

Wote wakacheka. Mpiga pasi aliutazama ubao hadi herufi zikaanza kuchezacheza.

Wenzake walipotoka alibaki. "Mwalimu, naomba unisikilizie kitu."

Mwalimu aliiweka simu sikioni, akasikiliza mara ya kwanza, akasikiliza ya pili. Akavua miwani.

"Wewe ulielewa nini, mwanangu?"

"Kwamba kaka yangu ameambiwa habari za baba."

Mwalimu akavuta kiti. "Kaa kwanza."

"Ni r mbili?"

"Ni mbili, mwanangu."

Alimkuta mama anakunja mashati ya marehemu ili yagawiwe. Alijaribu kuanza mbali, maneno yakagoma, akasema yote kwa mkupuo: kwamba Domo hakuwahi kuarifiwa, kwamba alikuwa ameshazikwa kabla ya baba yake, kwamba yeye ndiye aliyesikia vibaya.

Mama aliendelea kukunja shati lile lile. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja.

"Nimemsema kwa watu," alisema hatimaye. "Nimemsema, na yeye hayupo."

"Kosa ni langu, mama."

Mama hakumwambia ni lake wala si lake. "Mpigie huyo mtu," alisema.

Fundi rangi alipokea mara moja. Safari hii binti alimsihi aongee taratibu, na kila alipokwama alimrudisha nyuma. Domo alianguka kutoka juu ya jengo, simu yake ikavunjika pamoja naye, na namba ya nyumbani ilikuwa imeshafutika kwenye simu ya fundi rangi. Wenzake wa kazi ndio waliomzika. Ule ujumbe wa "mwambie ampigie mama" ulimtia fundi yule hofu. Alidhani msiba umempanda dada wa watu kichwani, akaacha kuandika.

"Muulize," mama alinong'ona, "aliumia sana, au aliondoka palepale?"

Binti akauliza. Fundi rangi akaongea kwa muda, sauti ikimkatikakatika.

"Anasemaje?"

Kulikuwa na neno moja ambalo lingeweza kuwa palepale. Lingeweza pia kuwa jingine. Mama alikuwa amemkazia macho, akilingoja.

"Hapo sijaelewa, mama," alisema. "Ngoja nimwombe arudie."