Kilichomkunja Somoe

Homa ilikuwa imemlegeza Somoe hadi akauona ukuta wa zahanati ya Msimbati unavuta pumzi. Ukuta uvute pumzi! Alijua ni homa tu, lakini akautazama hivyo hivyo, kwa kuwa ulipumua polepole na ukamtuliza. Siku ya sita hiyo, mgongo umepinda, magoti yamegoma, vidole vimekunjamana. Na siku zote hizo kila aliyekuja kumjulia hali, Somoe alimwambia neno moja: mke mwenzake, Sharifa, kamroga.

"Unaumwa nini, mama?" akauliza Kasiani, mganga wa zahanati, kijana wa Songea.

"Chikungunya."

Kasiani akaacha kuandika. Akavuta kitabu chake kinene cha Kiingereza, akafunua, akaligusa neno kwa kidole. "Neno hili nalisoma humu tangu chuoni. Mimi nilidhani la Kichina! Wewe umelijulia wapi?"

Jamani! Somoe akacheka, viungo vikamuuma, akazidi kucheka. "Kichina wapi, mwanangu? Kimakonde hicho. Ni kile kinachomkunja mtu. Marehemu mama alikuwa akilitaja kule Newala, watu walipokunjika karibu kijiji kizima."

Akamwona mama yake anapita katikati ya mistari ya kitabu, mtungi kichwani, hana haraka. Kumbe neno la mama lilikwenda hadi Ulaya, likapigwa chapa! Somoe aliona fahari tamu, akatamani abaki humo humo.

"Na kitabu kinasema nani anatukunja?"

"Mbu."

"Mbu na nani?"

"Mbu tu, mama. Homa itakwisha. Viungo vitakusumbua kwa muda, lakini utanyooka."

Ilikuwa habari njema, na Somoe hakuifurahia. Alimkumbuka Sharifa, akaona aibu. Akaaga, akajikokota hadi kwa Sharifa, akamkuta uani anamenya muhogo.

"Mke mwenzangu, nimekukosea. Nilisema umeniroga. Kumbe ni mbu."

Sharifa hakuinua kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa na siku tatu hajasalimiwa kisimani.

"Uliwaambia watu wangapi?"

"Wengi," Somoe akasema, machozi yakimtoka.

"Basi kesho tutawapitia wote, nyumba kwa nyumba. Ukishindwa kutembea nitakubeba mgongoni. Lakini kusema, utasema mwenyewe."