Bawabu wa Kompyuta ya Masjala

Kila asubuhi, kabla ofisi haijafagiliwa, mume wa mshonaji alifungua mlango mdogo nyuma ya kompyuta ya masjala, akavua viatu, akaingia kazini. Humo ndani alikuwa bawabu. Karani wa zamu akishaandika jina na neno lake la siri, bawabu alilinganisha neno hilo na lililofungiwa kabatini, kisha akageuka kuwa karani huyo, mpaka kikohozi chake. Vinginevyo droo za karani zisingefunguka.

Kulifungua kabati lile na kugeuka mtu yeyote kulihitaji mamlaka ya mkuu wa masjala, na bawabu alipewa yote. Ila akishageuka, mamlaka yalimtoka hadi kesho yake. Yangembakia, kila karani angejifanya mkuu. Kwa hiyo jioni alirudi nyumbani akiwa karani wa siku hiyo. Mshonaji alimpima mabega kwa macho, akamtolea shati la kumtosha.

Lakini Ijumaa wazazi wa mchumba wa binti yao walikuwa wanakuja, na mshonaji alimtaka mumewe mwenyewe. Akaenda kwa mkuu kuomba mumewe asigeuke siku hiyo. Mkuu, ambaye siku zote ilimkera kuona bawabu ana mamlaka sawa na yake, alikubali upesi mno. Alhamisi asubuhi akampokonya yote, kwa majaribio.

Kabati halikufunguka. Mkuu akasema si kitu, karani anajulikana kwa sura, aingizwe tu. Akaingizwa, lakini kwa kuwa bawabu hakuweza kugeuka, mashine ilimhesabu karani kuwa ni bawabu, na droo zikagoma. Mkuu alipojaribu mwenyewe, mashine ilimwelekeza akakae mlangoni. Alikaa kidogo. Kabla ya chai mamlaka yalikuwa yamerudishwa, na ombi la mshonaji halikutajwa tena.

Ijumaa zamu ilikuwa ya karani mdogo kuliko wote, msichana wa hereni kubwa.

"Baba mtu yuko wapi?" mgeni akauliza jioni, nyumbani kwa mshonaji.

Binti akamwonyesha msichana wa hereni. "Ndiye huyu. Yuko kompyuta."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, akampa mkono. Baba alitoa idhini kwa sauti nyororo, wageni wakashukuru, na chai ikamiminwa.

Mshonaji aliumia, wala hakuficha.

"Mume wangu ana ruhusa ya kuwa mtu yeyote," aliwaambia wageni, akiwasogezea sukari. "Kasoro baba wa huyu mtoto."