Kenge wa Euphrasie

Stanislas alimtuma mke wake Euphrasie sokoni Nyawera akanunue kasuku. Alikuwa karani, na katika nyumba za makarani wenzake wa Kadutu alikuwa amewaona kasuku wa kijivu wakiwaambia wageni bonjour. Saluni yake, chumba cha wageni, aliiona imepwaya. Watoto hawakuwapo. Euphrasie aliolewa naye alipotoka tu shuleni kwa masista, na kila mavuno mama mkwe, maman Agathe, alikuja kutoka Kavumu na kapu la maharage, akamtazama tumbo kwanza, uso baadaye.

Siku hiyo sokoni palikuwa na mwindaji mmoja, Gaston, aliyefika na lori kutoka Shabunda. Wanyama wake aliwapanga kando ya ukuta: kima aliyefungwa kiunoni, kasuku wawili ndani ya tenga, na kenge mrefu kupita mkono wa mtu, miguu imefungwa mgongoni kwa kamba ya porini, mdomo umeviringwa majani makavu. Kima alimnyooshea Euphrasie mkono. Kasuku mmoja aliinamisha kichwa akapiga mluzi. Kenge hakufanya kitu. Alilala vumbini jicho wazi, kama mtu ambaye soko halimhusu.

"Huyu unauzisha?" Euphrasie akauliza.

"Ile ni nyama, maman. Tia mafuta ya mawese na pilipili, utaona mwenyewe."

"Hapana kumukula. Minataka kumuchunga ku nyumba."

Gaston alicheka mpaka akashika ukuta. "Maman, chukua hata kima! Kima atakujua. Kasuku atakuita na jina yako. Huyu, hata umulishe namna gani, hatakujua."

"Njo vile minataka," Euphrasie akasema.

Hakueleza zaidi, na pengine asingeweza. Mama mkwe alimtaka mjukuu, mumewe alimtaka saluni inayosema bonjour, padri alimtaka uvumilivu. Kiumbe kisichomtaka kitu kilimpumzisha macho.

Jioni Stanislas alisimama mlangoni, kofia mkononi, akitazama mkia uliotokeza chini ya kabati.

"Kasuku iko wapi?"

"Sikumuleta."

"Na hii?"

"Nilimuchagua."

Stanislas hakupandisha sauti. Alikuwa ameomba karata ya wastaarabu, kadi ambayo Wazungu walimpa mtu mweusi baada ya kumchungua yeye na nyumba yake, na waliotembelewa kabla yake walisema kwamba wageni wale husikiliza hata jinsi bwana anavyosema na bibi yake. Miezi ile alisema na mkewe kwa upole kama mtu aliyebeba mayai.

Asubuhi za baridi kenge alikuwa mgumu kama ukuni. Euphrasie alimbeba kwa mikono miwili, akampandisha juu ya paa la bati la jiko palipopiga jua, akamwacha. Alimlisha vichwa vya samaki, panya, na yai mara mojamoja. Kenge alikula, akalala. Siku moja alimchapa Stanislas muundi kwa mkia, suruali ikapasuka. Jirani yao Eulalie akaacha kuja kuomba chumvi, na nyuma ya ua wa miti Euphrasie alimsikia akisema kwamba mugumba sasa amezaa. Aliendelea kuchambua maharage.

Juma la ziara ya wale wa karata Stanislas alimwambia, "Banakuja siku ya mardi. Tumurudishe kwa Warega, kule Shabunda, tafazali."

"Hapana."

Stanislas alitungua kamba kwenye msumari, akatoka nayo hadi jikoni, akamtazama kenge juu ya bati. Kisha akarudi akaitundika tena.

Walikuja Mzungu mmoja mwembamba na mwandishi wake. Walitazama kitanda, wakafungua kabati, wakainua uma mmoja na kuugeuza mwangani. Walimuuliza Stanislas anasoma magazeti gani. Alijibu vizuri. Euphrasie alikuwa akimimina kahawa wakati kenge aliposhuka kutoka kwenye bati, akaingia kwa mlango wa nyuma, akavuka sakafu ya sementi akiburuta mkia, akasimama karibu na kiatu cha Mzungu, akatoa ulimi.

Mzungu aliinua mguu. "Hii munakula?"

Euphrasie alijua swali lile lilivyo. Mwenye kusema ndiyo ni mtu wa porini. Na mwenye kusema hapana, basi anaishi na dudu la namna hii kwa sababu gani? Njia nyepesi ilikuwa moja: kusema ni wa jirani, amepotea tu. Alimngojea mumewe aiseme.

"Hapana, monsieur," Stanislas akasema. "Iko ya bibi yangu. Yeye njo alimuchagua."

"Juu ya nini?"

"Sijamuuliza."

Mwandishi aliandika. Kahawa ikanyweka.

Karata haikuja. Sababu hawakuambiwa. Wenzake wawili waliipata, Stanislas akaenda kuwapongeza, akarudi mapema. Maman Agathe alipofika na kapu lake na kuanza habari za binti mmoja wa Kavumu, wa ukoo mzuri, mwenye kiuno cha kuzaa, mwanawe alimsogezea sahani.

"Kula, maman. Na ile maneno, tuimalize leo. Bibi yangu ni huyu."

Mama alimaliza sahani yake. Kesho yake alirudi Kavumu, na tangu hapo maharage aliyatuma kwa mikono ya watu.

Mvua zilipoanza, kenge alipita chini ya ua, akaenda. Watu walimwona akiteremka upande wa ziwa. Euphrasie alisafisha bakuli lake la maji, akalirudisha kati ya mabakuli mengine.

Stanislas ndiye aliyemtafuta. Aliteremka na nguo zake za ofisi, yai mkononi, akapita matete ya ufukweni mpaka viatu vikajaa tope. Hakuwa na jina la kumwita, hawakuwahi kumpa. Alirudi jioni amelowa.

"Sikumuona," akasema.

Euphrasie alimchotea maji ya moto ya kuoshea miguu, akampa taulo. Walikula bugali na samaki, wakazungumza habari ya bati la saluni, lililoanza kuvuja.