Fuwele Ndogo Kuliko Mchoro

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimimina nitrojeni ya kimiminika kwenye tangi la kupoza kigunduzi chetu cha mionzi. Moshi mweupe ulinizunguka miguuni, na kwa dakika tano hakuna aliyenitaka niseme lolote. Siku ile Dokta Ameir, mkuu wa maabara, alinikatiza kutoka mlangoni.

"Acha hiyo, Mayasa. Ripoti ya udongo wa Mama Victoire tayari. Anakuja sasa hivi."

"Umetumia vipimo vipi, Dokta?"

"Vya mchoro wa kiwanda. Kuna vingine?"

Miaka miwili imepita, na hasira bado ninayo. Vingine, nilivyopima mwenyewe, vilikuwa mezani kwake wiki tatu nzima, chini ya sahani ya sambusa. Mchoro ulisema fuwele ya kigunduzi ina ngozi mfu, isiyohisi mionzi, ya nusu milimita. Lakini kabla ya kuletwa maabara yetu ya Randburg kigunduzi kilikaa stoo miaka mingi bila kupozwa, na kwenye joto ngozi ile hunenepa. Nilisogeza chanzo kidogo cha mionzi juu ya kifuniko cha kigunduzi, milimita kwa milimita, nikihesabu. Nikapata karibu milimita mbili. Kompyuta ilikuwa ikiiga fuwele kubwa, inayonasa mionzi zaidi kuliko tuliyonayo, kwa hiyo kila sampuli ya udongo ilionekana na mionzi pungufu kwa theluthi.

"Labda tuangalie tena," nilimwambia ndani ya wiki hizo. Mara tatu.

"Mwanangu, kwa kupima huku ungekuwa fundi cherehani," alicheka. Mara ya tatu hakucheka. "Unataka turudie kazi ya mwaka mzima?"

Mama Victoire, Mkongo anayelima mboga za lengalenga chini ya kilima cha taka za mgodi zenye mionzi na kuziuza sokoni Jeppestown, aliingia asubuhi ile amevaa kitenge cha kanisani. Dokta akampa bahasha.

"Shamba lako halina neno, mama."

"Aksanti Mungu! Bajukuu yangu banakulaka ile lengalenga kila siku. Nilikuwa na woga." Akanigeukia. "Na weye, mutoto yangu, mbona unanyamaza?"

"Huyu ana haya," Dokta alinijibia, akitabasamu.

Lile tabasamu ndilo lililonichoma. Aliitegemea haya yangu kama anavyotegemea kiti chake.

"Mama, usiwape tena zile mboga," nilisema. "Kipimo chetu kimekosewa, na Dokta anajua. Nilimwambia labda. Sikumaanisha labda."