Kichwa Changu na Vidonge vya Shangazi

Nilidaka mpira kwa mikono, mwamba wa goli nikaudaka kwa kichwa. Mpira haukuingia, akili ndiyo iliyotoka. Daktari akasema ni mtikiso wa ubongo: nipumzike, nianze mazoezi mepesi pole pole, na nisirudi langoni mpaka kichwa kitulie chenyewe. Fainali ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwangu ni mwaka wa mwisho shuleni, hakuna fainali nyingine.

Sasa, nyumbani kwetu mgonjwa haachwi hivi hivi. Mama alinipa dawa ya maumivu kila asubuhi pamoja na chai. Shangazi alisikia napiga chafya, akaniletea vidonge vyake vya mafua. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na mimi nilimeza vyote kama karanga, maana mgonjwa mwenye adabu haulizi.

Asubuhi nilikuwa simba. Nilikimbia taratibu uwanjani, Kocha akatabasamu. Kufika mchana nimelala kwenye kochi mdomo wazi. Kaka akawa anapita akinipungia mkono machoni, akisema mtandao umekata. Mama akalia jikoni kwamba mwanawe ndiyo kaharibika hivyo.

Siku ya kuamkia fainali tulirudi kwa daktari, mimi, Mama na Shangazi. Akaniuliza kama kichwa kinauma. Nikasema hakiumi hata kidogo. Akauliza kuhusu usingizi. Mama akanijibia, kwa kirefu. Akauliza nameza nini. Mama akataja chake, Shangazi akataja chake, wakatazamana kimawifi.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kijana, leo sijui nampima nani, wewe au vidonge."

Akaeleza kwamba kile cha maumivu huenda kinaficha kichwa kinachouma, na kile cha mafua kinaweza kumlaza hata asiyegongwa na kitu. Tuviache vyote, tuanze upya kuangalia. Yaani mbio zangu zote hazihesabiki. Nilitamani kumng'ata mtu. Shangazi akanung'unika kwamba vidonge vyake havijawahi kumdhuru mtu. Mama akamwuliza huyo mtu aliwahi kudaka mwamba?

Asubuhi ya fainali sikumeza kitu. Usingizi ulikuwa umeondoka. Kichwa kikaanza kugonga, taratibu, kama jirani anayejua uko ndani. Kumbe kilikuwa kinauma siku zote, ila hatukukipa nafasi ya kusema.

Kocha akapiga simu. Dawa ya Mama ilikuwa palepale kabatini, na Mama mwenyewe alikuwa sokoni. Kidonge kimoja tu na maji, goli ni langu. Kaka akanitazama, safari hii bila utani.

"Kipa wangu, kichwa vipi?" Kocha akauliza.

Nikalitazama lile kabati.

"Kinauma, Kocha."

Akashusha pumzi. Akasema basi atasimama Chujio, kipa wetu wa akiba, ambaye jina lake linajieleza. Halafu akauliza kama Chujio anaweza kuazima glavu zangu.

Nilitaka kukataa. Nikamwambia aje azichukue, ila avue viatu mlangoni, Mama amedeki. Kisha nikageukia ukutani, maana Kaka alikuwa bado ananitazama.